Kiraka Kitoke Wapi?

Dereva wa tuktuk husimama mara tatu kati ya Bombolulu na Kongowea, Mombasa, na abiria hudhani anatafuta wateja. Anatafuta choo. Akikipata hukaa humo dakika kumi, kiganja kimeegemea ukuta wa mabati, tumbo amelikaza kama mtu anayejitwisha gunia, na kinachotoka ni uzi mwembamba unaokatika na kuanza tena. Hurudi kwenye usukani hajamaliza. Kabla hajafika Daraja la Nyali, haja imemshika upya.

Kwao Ziwa la Ng'ombe husemwa mkojo umemfunga. Daktari husema mrija wa mkojo umebanwa na kovu. Mrija huo kwa mwanamume una urefu wa takriban sentimita 20, kutoka kwenye kibofu hadi ncha ya uume, na mahali ulipojeruhiwa hupona kwa kovu, kovu likakaza, njia ikawa nyembamba. Wengine huumizwa na mpira wa mkojo uliosukumwa kwa nguvu au ukakaa mno. Wengine ni kisonono kilichopuuzwa ujanani, au kuangukia chuma cha baiskeli, au nyonga iliyovunjika barabarani. Kuna pia ugonjwa wa ngozi unaoacha mabaka meupe kwenye kichwa cha uume na kuingia ndani polepole. Mkojo ukirudi nyuma kwa miaka, maambukizi hujirudia, mawe hujengeka kibofuni, na mwisho figo ndizo zinazoumia.

Makala haya yanamketisha dereva huyo kwenye baraza la kahawa pamoja na watu wanne: mpasuaji wa njia ya mkojo, sista mstaafu, fundi cherehani na ustadhi wa madrasa. Majina hawana, kwa kuwa wamebuniwa ili wabebe hoja ambazo wapasuaji wa dunia wamezibishania kwa zaidi ya miaka 100: mrija uliobanwa ukifunguliwa, pengo lizibwe kwa kiraka gani, na kiraka hicho kitolewe wapi mwilini?

"Mimi nimepanuliwa mara nne," dereva anaanza. "Mara ya kwanza nilikaa mwaka nikiwa mzima. Mara ya pili miezi mitano. Hii ya nne hata mwezi haukwisha. Sasa naambiwa nitakatwa shavu. Shavu na mkojo vinahusiana nini?"

Sista anamtetea. Amezijua zile fimbo za chuma za kupanulia tangu akiwa mwanafunzi, zilivyopangwa kwa unene kwenye sinia, na amewashika mikono wanaume wengi zikipita. "Kupanua kuna faida yake, daktari wangu. Mtu huingia asubuhi akatoka jioni. Hakuna kulazwa wiki, hakuna kukatwa mdomo. Na siku hizi kuna kile kisu kidogo cha kwenye kamera kinachopasua kovu kwa ndani. Kwa nini tusimrudie nacho tu?"

"Uingereza walilijaribu swali lako," mpasuaji anajibu, "na matokeo yakachapishwa 2020. Wanaume 222 ambao kovu lao lilikuwa limerudi walipigiwa kura. Wengine wapasuliwe kwa ndani, wengine watengenezewe mrija. Nafuu waliyoisikia ilikaribiana. Lakini waliohitaji kutibiwa tena walikuwa 29 upande wa kisu, na 15 upande wa kutengenezewa."

"Umesema mwenyewe, nafuu ilikaribiana."

"Ilikaribiana kwa miezi 24, kwa watu ambao kovu likirudi hospitali iko jirani na hawalipi mlangoni."

Hapo ndipo hoja ya sista inapolegea, ingawa ilisimama vizuri. Kurudi hospitalini kwa dereva huyu ni kuikosa hesabu ya mwenye tuktuk, ni kuvuka kwenda kisiwani na kupanga foleni, na kila kisu kinachopita juu ya kovu huacha kovu jingine. Mwongozo wa chama cha wapasuaji wa njia ya mkojo cha Marekani, uliotolewa 2016, uko wazi kwa kovu la namna hii: kupanua au kupasua kwa ndani kukishashindwa, mgonjwa aelezwe na apewe nafasi ya kutengenezewa mrija, asizungushwe. Mtu aliyepanuliwa mara nne hakupaswa kufika ya nne bila kuambiwa kwamba kuna njia nyingine.

Fundi amekuwa kimya, lakini neno kiraka ni la kazi yake.

"Nikiletewa suruali iliyotoboka gotini," anasema, "kwanza natazama kitambaa. Ukishona kiraka kipya ambacho hakijaingia maji juu ya nguo kuukuu, ikifuliwa mara moja kiraka kinarudi, kinavuta, kinachana upya. Nyama ya mtu nayo hurudi?"

"Hurudi. Na ngozi ya nje hurudi zaidi kuliko utando wa mdomoni." Mpasuaji anawaambia wote wapitishe ncha ya ulimi ndani ya shavu. Wanafanya hivyo, hata ustadhi, mashavu yakitokeza mmoja baada ya mwingine. "Mnasikia palivyo laini? Hapana nywele. Pamezoea majimaji usiku na mchana, kwa hiyo mkojo haupashtui kama unavyoshtua ngozi. Tabaka la juu ni nene, gumu kuchanika, na la chini yake ni jembamba, limejaa mishipa midogo ya damu."

Hilo la mishipa ndilo linaloamua. Kiraka kilichokatwa shavuni hakina damu yake tena. Siku mbili za kwanza huishi kwa kunyonya majimaji ya mahali kilipolazwa, kama mche uliofunikwa matope. Siku ya tatu na ya nne vimishipa vya chini huungana na vyake. Kikiwa kinene upande wa chini, au kikilazwa mahali palipojaa makovu pasipo damu, hufa kabla ya muungano huo. Ndiyo maana mpasuaji hukaa na mkasi akiyaondoa mafuta chini ya utando mpaka mwanga unapenya.

Fundi ametoa chaki na kipande cha kaki. Anataka vipimo.

"Urefu sentimita 5, upana 2 na nusu. Chonga ncha zote mbili."

"Kama kidau."

"Kama kidau. Lakini kabla ya kuchora natafuta tundu la mate. Liko shavuni, linaelekeana na gego la pili la juu. Hilo haliguswi. Wala sisogei karibu na pembe ya mdomo, mtu asije akashindwa kuupanua. Halafu napiga ganzi iliyochanganywa na adrenalini ili damu ipungue, ndipo nakata."

"Na unakishona kikiwa bomba, kama mkono wa shati?"

Swali hilo wapasuaji wamelijibu kwa gharama ya wagonjwa wengi. Kiraka kilichoviringishwa kuwa bomba kamili kwa mkupuo mmoja hushindwa mara nyingi mno, na mwongozo ule wa 2016 unakataza. Mrija hupasuliwa kwa urefu penye kovu, ukabaki kama mfereji, kisha kidau cha shavuni hushonwa kuziba upande ulio wazi. Nusu ya mrija inabaki ya mtu mwenyewe, na damu yake. Kovu likiwa limeharibu mzunguko wote, kazi hugawanywa mara mbili: kiraka hulazwa kwanza kikiwa wazi, kikishakamata, baada ya miezi hufungwa kuwa mrija.

"Basi hiyo ni bitana," fundi anasema, na kidole chake kinapita juu ya mstari wa chaki.

Wapo waliobishana hata upande wa kuibandika bitana hiyo. Mwaka 1996 Guido Barbagli wa Italia alieleza kuiweka upande wa mgongo wa mrija, ambako inalala juu ya mwili mgumu wa uume na haina pa kubonyea. Mwaka huo huo Allen Morey na Jack McAninch wa San Francisco walieleza kuiweka upande wa chini, ambako kuifikia ni rahisi. Kwa sehemu ya mrija iliyo nyuma ya mfuko wa korodani, pande zote mbili zimeonyesha kupona kunakolingana, na mpasuaji hufuata mkono wake ulikozoea.

Kutoa kiraka mdomoni si jambo la jana. Kirill Sapezhko alilifanya Kiev miaka ya 1890. Graham Humby akalirudia London mwaka 1941 kwa mtoto aliyezaliwa na tundu la mkojo mahali pasipo pake. Kisha likasahauliwa kwa karibu miaka 50. Mwaka 1993 kundi la madaktari wa Misri, El-Kasaby akiwa mbele, lilikuwa miongoni mwa makundi ya kwanza kuandika kuhusu utando wa mdomoni kwa kovu la mrija wa mtu mzima. Inafaa jambo hilo lijulikane huku kwetu, ambako tiba hii hutajwa kana kwamba imeshuka kutoka Ulaya.

Sista hajakubali. "Kiraka kingine kipo hapo hapo, hakuna haja ya kupanda mdomoni. Ngozi ya uume. Ukichukua shavu unahitaji kumlaza mtu kabisa, mpira wa pumzi upitishwe puani, na mtu wa kutoa usingizi awe mmoja tu naye ameitwa kwa mama anayejifungua. Ngozi ya chini, sindano ya mgongo inatosha. Na jioni mgonjwa anakula ugali wake."

Ana haki kuliko anavyodhaniwa. Katika hospitali nyingi za ukanda huu kinachokwamisha upasuaji si mkata kiraka, ni upungufu wa mtoa usingizi. Mpasuaji anamkumbusha kwamba utando wa shavu unaweza kutolewa kwa ganzi ya mdomoni huku sehemu ya chini ikiwa imekufa kwa sindano ya mgongo, na kumefanywa hivyo. Lakini hamkatalii ngozi. Ahmad Orandi alieleza tangu 1968 namna ya kukata ukanda wa ngozi ya uume bila kuutenga na damu yake, ukageuzwa ukiwa na shina lake hai na kuzibia mrija. Kwa mahali penye makovu mengi pasipo damu, kiraka kinachokuja na damu yake ni akiba kubwa. Huko India walipigia kura wagonjwa kati ya ukanda wa ngozi na utando wa shavu, wakachapisha 2007. Kupona kulikaribiana, ila ngozi ilichukua muda mrefu zaidi mezani na ikaleta matatizo zaidi baadaye.

"Na ngozi ipi?" mpasuaji anauliza. "Kwa wasiotahiriwa kuna govi, laini, halina nywele, wapasuaji hulipenda. Ustadhi, hapa mnatahiri lini?"

"Mtoto hajaanza chuo."

"Basi govi lilishakwenda. Kinachobaki ni ngozi ya shina, na ukiichukua nyingi uume unakaza au unapinda. Ukisogea kwenye mfuko wa korodani unakutana na nywele, nazo zikiota ndani ya mrija, chumvi za mkojo hujishika juu yake, yakawa mawe. Na mwenye yale mabaka meupe, ngozi yake ndiyo yenye ugonjwa. Ukiihamishia ndani umehamisha ugonjwa."

Ustadhi ana jingine linalomkera, nalo halimo katika vitabu vingi vya upasuaji. "Nimewahi kufuatwa na mtu aliyetengenezwa. Mkojo unatoka vizuri, lakini akishajisafisha akavaa, akafika msikitini, matone yanadondoka. Akawa haji tena jamaa."

Mpasuaji anajua kwa nini. Ukanda wa ngozi, au kiraka cha upande wa chini kisichoegemezwa vizuri, huweza kutuna kama mfuko. Mkojo hubaki humo na hutoka mtu akitembea. Kwa daktari hilo ni kero ndogo, na huandikwa mstari mmoja kwenye jedwali. Kwa mwanamume wa Kisauni ni swala tano kwa siku. Ustadhi anaeleza kwamba fiqhi ya Shafi imemwekea mtu kama huyo njia: wakati wa swala ukiingia ajisafishe, ajifunge kitambaa, atawadhe, aswali bila kuchelewa, na kila faradhi iwe na udhu wake. Sista anaongeza la mikono: baada ya kukojoa abonyeze nyuma ya mfuko wa korodani na kusukuma mbele polepole, mpaka kilichobaki kitoke. "Hiyo ni istibrai yenyewe," ustadhi anasema. Pamoja na hayo, mgonjwa anapaswa kuambiwa hatari hii kabla ya kukatwa. Hoja ya ustadhi inaingia kwenye uchaguzi wa kiraka sawasawa na hoja ya nywele.

"Na ulimi?" dereva anauliza. Amesikia mahali.

Utando wa chini ya ulimi na ubavuni mwake ni ndugu wa utando wa shavu. Alchiede Simonato na wenzake wa Genoa waliueleza 2006, na unafaa hasa kwa mtu ambaye mashavu yamekwisha kutumika au kovu lake ni refu kupita kidau kimoja. Tatizo lake ni siku za mwanzo, maana ulimi unauma na maneno hayatoki sawa.

Ustadhi anatikisa kichwa. "Mimi msinichukue huko. Herufi ya dhadi inatoka ubavu wa ulimi ukigusa magego. Nikipotea hapo, watoto watasoma nini?"

Mpasuaji anakiri kwamba kwa msomaji, mwimbaji au mnadi wa soko la Kongowea, angeanzia shavuni. Ngozi ya nyuma ya sikio, isiyo na nywele, huwekwa akiba kwa kazi ya mara mbili mdomo ukiwa haufai. Utando wa kibofu ulitumika tangu miaka ya 1940, lakini kuufikia ni kupasua tumbo. Wachina wa Shanghai wametumia hata utando wa utumbo mpana kwa makovu marefu sana.

Kuna pia kiraka cha dukani, kilichotengenezwa kwa utumbo mdogo wa nguruwe uliosafishwa seli zote. Baraza linanyamaza kidogo. Ustadhi anasema dharura ina mlango wake, ila hapa shavu lipo, kwa hiyo dharura haijafika. Na kwa njia nyingine kabisa, wapasuaji nao wamefika hapo hapo: mwongozo wa Marekani unataka viraka vya wanyama na vya bandia vibaki kwenye majaribio. Kiraka kinachooteshwa maabara kinatia matumaini zaidi. Mwaka 2011 jarida la Lancet lilichapisha habari za wavulana watano wa Mexico ambao seli za vibofu vyao zilioteshwa juu ya kiunzi cha bomba, na mirija hiyo ikafanya kazi kwa miaka kadhaa. Walikuwa watano tu, na maabara ya namna hiyo haiko karibu na Ziwa la Ng'ombe.

Fundi anarudi kwenye suruali. "Mara nyingine sitii kiraka. Nakata palipochanika, naunganisha, nashona."

Maneno hayo yanampa mpasuaji nafasi aliyokuwa akiingoja. Kovu fupi, chini ya sentimita 2 hivi, nyuma ya mfuko wa korodani, linaweza kukatwa lote na ncha mbili zikaunganishwa bila kiraka chochote. Na kijana wa bodaboda aliyevunjika nyonga, mrija ukakatika juu karibu na tezi dume, kwa kawaida hahitaji shavu wala ngozi. Huwekewa mpira wa tumboni, husubiri angalau miezi 3 uvimbe utulie, kisha ncha huunganishwa. Kumkata shavu mtu huyo ni kumwumiza bure.

"Kwa hiyo mimi ni yupi?" dereva anauliza.

"Lete picha."

"Picha gani?"

Amepanuliwa mara nne na hajawahi kupigwa picha ya dawa, ile ambayo dawa hupitishwa kwenye tundu la uume na eksirei ikaonyesha kovu linaanzia wapi na linaishia wapi. Karatasi zake ziko kwenye mfuko wa nailoni, na zote zimeandikwa tarehe, kupanuliwa, kuruhusiwa. Mabishano yote ya shavu na ngozi na ulimi yanategemea picha ambayo hakuna aliyemwandikia. Kama kuna jambo la kukasirikia katika mjadala huu, ni hilo. Mpasuaji anamwandikia.

Kisha anamwomba afungue mdomo. Sista anamulika kwa tochi ya simu. Shavu la kushoto, karibu na magego, limeparuzika na lina ukungu mweupe.

"Muguka?"

"Ni maskani tu, jioni. Na chingamu."

"Unauweka upande huu?"

"Siku zote."

Kaunti ya Mombasa iliupiga marufuku muguka, aina ya miraa, Mei 2024, kesi zikaenda mahakamani, na maskani hazikukosa majani. Wapasuaji wa India wanalijua tatizo hili kwa upande wa tumbaku na tambuu: utando uliozoea kutafunishwa huwa mgumu, hupona vibaya, na mdomo wa mgonjwa huweza kushindwa kufunguka. Kwa wala miraa wa Yemen, mabaka meupe yameonekana upande wanakotunzia majani. Anayesifu shavu kuwa kiraka bora anasifu shavu zima, na huku pwani ni lazima mtu atazamwe mdomo kabla ya kuahidiwa.

Mpasuaji anapitisha kidole shavu la kulia, polepole, kutoka nyuma kuja mbele. Ni laini. "Picha ikisema unahitaji kiraka, nitachukua huku. Muguka uache leo, mdomo upumzike. Na baada ya kazi utakaa na mpira wiki tatu hivi, kisha tunapiga picha tena kabla ya kuutoa."

"Na kula, mama?" dereva anamgeukia sista.

"Siku mbili tatu za kwanza uji uliopoa, maziwa, mtindi. Chai ya moto hapana, pilipili hapana. Unasukutua kwa maji ya chumvi kila ukila. Wiki ikiisha utakula mahamri, lakini uanze kutafunia kushoto, mwanangu."